Mkutano wa Saa Nne, Bamvua la Saa Nne

Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, bahari ya Tanga hurudi nyuma sana. Maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na kwa siku hizo chache za bamvua wanawake wa vijiji vya pwani, kuanzia Mkinga hadi Pangani, huwa nje, maji ya magoti, wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba au wakivuna uliokomaa. Wengine wako miambani wanatafuta pweza. Bamvua halisikilizi udhuru. Likipita huingia maji mafu, na anayetaka kulifikia shamba lake vizuri hungoja mwezi ugeuke tena.

Chukua sasa barua ya mwito wa mkutano wa wazazi wa shule ya msingi ya serikali. Saa: nne kamili asubuhi. Mwalimu mkuu hakuichagua kwa nia mbaya. Saa nne ndiyo saa ya ofisi: mtendaji wa kata ameshafika, mratibu wa elimu kata amepata pikipiki, watoto wako mapumzikoni. Mkutano ukianza saa tano na robo mbele ya akina mama kumi na wawili, wazee watatu na safu ya madawati matupu, taarifa itaandikwa kwamba mwitikio wa wazazi ni mdogo. Sentensi hiyo hupanda ngazi. Inatoka shuleni kwenda kata, kata kwenda halmashauri, halmashauri kwenda mkoa, na kila inapopanda hupoteza kitu: kwanza saa, halafu tarehe, halafu jina la kijiji. Ikifika juu haizungumzii tena mkutano mmoja uliogongana na maji. Imekuwa tabia ya watu: Wapwani hawapendi shule.

Lawama hii ina umri mkubwa kuliko Tanganyika huru. Mwaka 1892 utawala wa Kijerumani ulifungua mjini Tanga shule yake ya kwanza ya serikali katika koloni la Afrika Mashariki. Haikuwa shule ya kanisa, na hilo lilikusudiwa. Serikali ilihitaji makarani, wakalimani na maakida kutoka katika jamii ya Waislamu wa pwani. Wazazi hawakuiamini. Kwao Mzungu anayefundisha ni Mzungu anayebatiza, na hakuna aliyetaka kumtoa mwanawe kafara ili ahakikishe. Utawala ukafikia hatua ya kutaka mwalimu wa Kurani alipwe ili afundishe humo humo shuleni, na wamisionari wakapiga kelele kwamba serikali yao wenyewe inaujenga Uislamu. Hakukuwa na huruma yoyote katika jambo hilo. Wajerumani walitaka makarani. Lakini walijiuliza mzazi anaogopa nini, na wakawa tayari kulipia jibu. Shule hiyo baadaye ikawa na mitambo yake ya uchapaji, na kuanzia 1904 humo ndimo lilimotoka gazeti la Kiongozi, kwa Kiswahili, likiandikiwa na watu ambao wengi wao walikuwa wamepita katika shule za aina hiyo.

Ningependa swali lile lile liulizwe leo na serikali yetu wenyewe, bila hila ya mkoloni: mzazi wa kijiji cha pwani kama Tongoni au Kigombe anapoiona shule, anaona nini?

Mahali pazuri pa kuanzia kujibu ni chuoni, kwa maana ya chuo cha Kurani. Huko mzazi huyo huyo anayeitwa mzembe hafanyi uzembe. Humpeleka mtoto mwenyewe, akamkabidhi kwa mwalimu mkono kwa mkono. Hulipa kidogo kidogo, mara nyingi kwa wiki, na asipokuwa nacho husema, na mwalimu huelewa kwa kuwa wanaswali msikiti mmoja na wamezikana wote. Mtoto akihitimu, nyumba nzima hupika. Muhimu kuliko yote, mzazi anajua mwanawe amefika wapi. Hahitaji cheti. Mtoto anasoma kwa sauti ukumbini baada ya magharibi, na hata bibi asiyejua kuandika jina lake anasikia kama mjukuu bado anababaika katika herufi au ameshaingia Juzuu Amma, kwa sababu sura hizo bibi anazo moyoni. Kipimo kiko sikioni mwake.

Sisemi chuo ni pepo. Bakora zipo, na kuna watoto wanaokariri miaka mingi bila kuelewa neno. Nasema tu kwamba hapo mzazi amepewa mambo matatu ambayo shule ya serikali mara nyingi haimpi: mtu anayemjua, malipo yanayofuata mkondo wa kipato chake, na njia ya kujua kama kazi inafanyika.

Shule humfikia kwa sura nyingine. Humfikia kwa barua ya mtendaji pale mtoto anapokuwa mtoro, ikiwa na maneno ya faini na mahakama ya mwanzo. Humfikia mwisho wa muhula kwa karatasi yenye herufi A mpaka E ambazo hakuna aliyemweleza maana yake. Na kwa muda mrefu sana imemfikia kwa jambo moja kuliko yote, fedha.

Hapa inafaa kwenda polepole, kwa kuwa uhusiano wa wazazi na shule umevurugwa zaidi na sera ya fedha kuliko na utamaduni wowote. Ada ya shule ya msingi ilifutwa wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza 2002. Katika miaka ile wanakijiji walichimba msingi, wakasomba mchanga na mawe, wakafyatua matofali; kamati za shule zilipewa mafunzo na kusimamia fedha za madarasa. Wengi wa walio na miaka hamsini leo wanaweza kukuonyesha ukuta walioujenga. Lakini michango ikaota upya: ya mlinzi, ya mtihani, ya dawati, ya taaluma. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ukafuta ada na michango ya lazima kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, utekelezaji ukaanza Januari 2016. Serikali ikaahidi kupeleka ruzuku, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari, kwa mwaka. Gawanya 10,000 kwa siku za masomo uone inabaki nini, tena sehemu yake hukatwa kwa ajili ya vitabu kabla haijafika shuleni.

Waraka Namba 3 wa 2016 ulifafanua nani anabeba nini. Sare, madaftari, kalamu, matibabu na chakula cha mwanafunzi wa kutwa vilibaki kwa mzazi. Tatizo ni kwamba ufafanuzi haukusafiri kwa kasi ya tangazo. Redioni ilisikika "elimu bure", na bure ni bure. Kisha Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango shuleni na kuwaonya walimu wasishike fedha za wazazi. Anayetaka kuchangia kwa hiari yake akapeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri. Alikuwa na sababu, kwa maana watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa shilingi elfu mbili. Ila angalia kilichotokea katika uwanja wa shule. Mwalimu mkuu, ambaye kwa miaka mingi hoja yake pekee ya kumwita mzazi ilikuwa mchango, ghafla hakuwa na la kumwitia. Na mzazi, ambaye haki yake pekee ya kuuliza swali ilitokana na alichotoa, aliona hana tena pa kusimamia.

Kuna utafiti unaosaidia kuliona hili kwa tarakimu. Kati ya 2013 na 2014 mpango wa KiuFunza wa shirika la Twaweza uliendesha jaribio katika shule 350 za wilaya 10 za Tanzania Bara. Shule nyingine zilipewa ruzuku ya ziada, katika nyingine walimu waliahidiwa bakshishi kwa kila mtoto atakayefaulu mtihani mwepesi wa kusoma na kuhesabu, nyingine zikapewa vyote viwili, na nyingine hazikupewa kitu. Fedha peke yake hazikusogeza matokeo. Moja ya sababu ambazo watafiti walizieleza ni hii: shule ilipopata ruzuku, wazazi walipunguza walichokuwa wakitumia wenyewe kwa masomo ya watoto. Mzazi ana akili ya hesabu. Akiona mwingine amebeba, huweka chini, hasa kama hajawahi kuambiwa kuna mzigo gani mwingine zaidi ya pesa.

Mzigo huo mwingine ni kusoma.

Tanga ina kisa chake juu ya hilo, na nashangaa jinsi kinavyosahauliwa haraka. Kuanzia mwishoni mwa 2017 mkoa huu ulikuwa uwanja wa mashindano ya dunia yaliyoitwa Global Learning XPRIZE. Watoto karibu 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu wenyewe, bila mwalimu. UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali walisimamia. Vituo vya kuchaji kwa umeme wa jua vikawekwa vijijini, na mama mmoja wa kijiji akawa mwangalizi. Mei 2019 programu mbili, onebillion na Kitkit School, ziligawana zawadi ya dola milioni 10.

Takwimu za mwanzo wa mashindano zinanivutia kuliko za mwisho. Asilimia 74 ya watoto wale ilielezwa hawajawahi kwenda shule. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Na asilimia 80 walielezwa kwamba nyumbani hawajawahi kusomewa chochote.

Wageni waliichukua hiyo ya mwisho kama ushahidi wa nyumba zilizo kimya. Mtu aliyelelewa Tanga ataitazama kwa jicho jingine. Hawakusomewa, sawa, kitabu cha kusoma kiko wapi? Lakini mtoto wa Kidigo au Kibondei anayelala bila kuambiwa hadithi, bila kutegwa vitendawili na binamu zake, bila kurekebishwa maneno na nyanya yake, ni nadra. Maneno yamejaa ndani ya nyumba. Kinachokosekana ni karatasi iliyobeba maneno hayo, na mtu wa kumwambia nyanya kwamba anachofanya usiku ni sehemu ya somo la Kiswahili la darasa la kwanza. Sijawahi kuona barua ya shule inayosema hivyo. Barua ya shule husema mtoto aje na ufagio na kidumu cha maji.

Je, kumpa mzazi habari za mwanawe kunatosha? Wengi tuliamini hivyo wakati mpango wa Uwezo ulipoanza kupita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda, ukimpima mtoto mbele ya wazazi wake na kuwaambia hapo hapo kama anaweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Kisha wanasayansi watatu wa siasa, Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai, wakaenda vijiji vya Kenya kupima kilichofuata baada ya wapimaji wa Uwezo kuondoka. Matokeo yao ya 2014 yalikuwa baridi: wazazi walioambiwa hawakutenda tofauti na wasioambiwa, si nyumbani wala shuleni. Walikuwa wameachiwa habari mbaya na karatasi ya ushauri.

Malawi ikaonyesha upande mwingine. Rebecca Dizon-Ross, katika utafiti uliochapishwa 2019, alikuta wazazi wengi wanakosea sana kukisia uwezo wa watoto wao, na wenye elimu ndogo ndio wanaokosea zaidi. Walipoelezwa alama halisi kwa lugha nyepesi, na papo hapo wakawekewa vitabu vya mazoezi vya ngazi mbalimbali wachague, walibadili chaguo lao na kuchukua kitabu kinachomfaa mtoto. Ninavyoona mimi, siri iko katika kile kitabu kilichokuwa mezani. Mzazi wa Kenya alijua kisha akarudi shambani. Mzazi wa Malawi alijua na mkono wake ukawa na cha kufanya kabla hajasimama.

Hilo linaeleza kwa nini nina matumaini ya tahadhari na chombo kinachojengwa sasa, umoja wa wazazi na walimu ambao shule nyingi huuita UWAWA. Mbegu yake ilipandwa na mpango wa EQUIP-Tanzania katika mikoa mingine, na leo unasukumwa na Shule Bora, mpango wa serikali unaofadhiliwa na Uingereza katika mikoa tisa, Tanga ikiwemo. Tofauti yake na kamati ya shule ni ya maana. Kamati ipo kisheria tangu Sheria ya Elimu ya 1978. Inapitisha bajeti, inasimamia majengo, na ina wazito wa kijiji. Umoja huu hukaa chini ya hapo, wazazi wa darasa na mwalimu wa darasa, wakizungumza utoro, uji, usalama wa njiani na nani hajui kusoma. Ukifanywa vizuri unarudisha kile cha chuoni, mtu anayemjua mtu. Ukifanywa vibaya unakuwa kamati ya pili ya kukusanya michango ambayo kamati ya kwanza imekatazwa, na dalili hizo tayari zinasemwa vijiweni.

Uji ndio utakaoupima. Mwongozo wa kitaifa unataka kila mwanafunzi wa kutwa apate chakula shuleni, na mzazi ndiye mlipaji. Mikoa ya bara hutoza mahindi na maharage baada ya mavuno, kwa debe, na hesabu inakwenda. Pwani mtu halimi mahindi ya kumtosha, na pesa ya bahari huja kwa siku na huondoka kwa siku. Muhula wa pili hufunguliwa Julai, kusi imevuma, bahari imechafuka na vyombo vingi vimevutwa pwani. Kudai mchango wa mkupuo mwezi huo ni kutafuta ugomvi. Wakati wa kaskazi, bahari ikitulia na dagaa wakipatikana, mvuvi yule yule hutoa bila kusukumwa, na akikubaliwa kutoa kidogo kidogo kwa mwakilishi wa mtaa wake, kama anavyofanya chuoni, hutoa zaidi. Haya yote mzazi yeyote wa kijiji angemwambia mwalimu mkuu kwa dakika mbili, kama mkutano ungeitishwa ili kumsikiliza.

Kuna pia jambo la nani anaitwa mzazi. Fomu ina nafasi ya baba na mama. Kwenye nyumba za pwani baba anaweza kuwa Dar es Salaam, mama yuko Mombasa au Muscat kwenye kazi za ndani, na mtoto yuko kwa bibi mzaa mama au kwa shangazi. Bibi ndiye anayefua sare. Akienda mkutanoni huambiwa mara nyingi, kwa heshima zote, kwamba wazazi ndio wanaohitajika. Mjini kuna kundi la WhatsApp la darasa, na mama wa Muscat humo ndani anajua zuio la simu shuleni kabla bibi hajajua. Hilo ni jema, lakini bibi hana simu ya kupangusa na ndiye aliyeko na mtoto usiku.

Turudi kwenye saa, maana hilo halihitaji mfadhili. Wavuvi wa dagaa huvua gizani kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka wengi hupumzika, wakashona nyavu. Siku za mwezi mpevu, basi, baba yuko nyumbani. Asubuhi mama yuko kwenye mwani, lakini kufika saa kumi alasiri maji yamejaa na hakuna anayefanya kazi huko. Baada ya swala ya alasiri, siku ya mwezi mpevu isiyokuwa Ijumaa, ndipo kijiji kizima cha pwani kinapoweza kukaa chini ya mwembe mmoja. Ajenda ya kwanza isiwe fedha. Watoto watano wa darasa la pili wasimame wasome ukurasa mmoja kwa sauti, mbele ya watu wazima wao, kama wanavyosoma siku ya maulidi. Kila bibi atasikia.

Kikwazo ni mwalimu. Saa kumi na nusu jioni yeye yuko kwenye daladala ya kurudi Tanga mjini au Pangani, kwa kuwa kijijini hana nyumba ya kufaa; aliyoachiwa na waliomtangulia inavuja. Hajakosea; mshahara wake hauna kifungu cha kulala kwenye godoro la ofisini ili akutane na wazazi. Wazazi wale wale wa matofali ya MMEM bado wapo, na mchanga upo. Nyumba mbili za walimu zikijengwa mwaka huu kwa nguvu zao, halmashauri ikaleta saruji na bati, mkutano wa mwezi mpevu utakuwa na wa kuuongoza.